Samaki Wanapoamua Jani Gani Liote

Bwawa ni moja, tope ni lile lile, na jua linalipiga kote sawasawa. Lakini katika bwawa la mama mmoja mfugaji wa sato na kambare, bondeni huku Nyamisangura, mjini Tarime, kuna kona iliyozungushiwa wavu wa kulelea vifaranga. Vifaranga vilishahamishwa siku nyingi. Wavu umebaki kwa sababu nguzo zake bado nzima. Ndani ya wavu huo majani ya majini yamesongamana, laini, mizizi chini na ncha zikikaribia kutokeza juu. Maji ni maangavu hadi unaona tope. Nje ya wavu, hatua moja tu, hakuna hata jani. Huko ni ukijani mzito mtupu.

Jambo hilo lilinikaa kichwani. Kila mfugaji utakayemuuliza atakuambia samaki wanarutubisha maji, na ndiyo maana sukuma wiki zikimwagiliwa maji ya bwawa hustawi. Sasa mbona mimea imestawi pale ambapo samaki hawafiki?

Mama mwenyewe hakupanga jaribio lolote, ila ameyatazama maji yake kwa uvumilivu ambao watafiti wengi wangeutamani. Anaanza na sato dume. Msimu wa kuzaliana ukifika, kila dume huchimba shimo la mviringo chini ya bwawa, husafisha kila kilichoota hapo, kisha hulilinda. Kambare naye hutafuta chakula kwa kuvurugavuruga tope. Chipukizi likimponyoka mmoja, litang'olewa na mwingine, na likiwaponyoka wote wawili, litadonolewa lingali changa. Kwa maneno yake, jani lenye mizizi halipati nafasi ya kulala usiku mmoja mahali pake.

Kuhusu mbolea, wafugaji nao hawajakosea. Samaki hutoa taka yake nyingi ya naitrojeni kupitia matamvua, ikiwa amonia. Bakteria huigeuza kuwa nitrati, na mimea hutumia zote mbili. Kinyesi na mabaki ya pumba huleta fosforasi. Lakini wa kwanza kuifikia karamu hiyo ni mwani, vijimea vidogo visivyoonekana kimoja kimoja, vinavyoelea kila mahali na kuongezeka kwa siku chache. Ukishatanda juu, mwanga haufiki chini, na jani lenye mizizi hufa kwa giza katikati ya chakula tele. Samaki yule yule analisha mmea mmoja na kuuua mwingine.

Nikamuuliza kwa nini basi ukijani haukujaa ndani ya wavu, na maji yanapita kwenye matundu. Hapo alinyamaza. Wanaikolojia wana maelezo: pasipo samaki, wanyama wadogo sana wa majini wanaokula mwani husalia hai na kuupunguza, na majani nayo huuwahi urutubisho kabla ya mwani. Nilipomweleza, aliinama akatazama tena, kisha akasema, mwanangu, kumbe kuna mifugo mingine humu ambayo sijawahi kuihesabu.

Huo ukijani, hata hivyo, ndio anaoutaka. Sato wake huchuja mwani na kuula, na kwa hiyo gharama ya pumba inapungua. Kipimo chake hakinunuliwi dukani. Asubuhi jua likishapanda, anakunja mkono wa gauni, anageuza kiganja kikiwa juu na kuuzamisha mkono polepole, macho yakifuata vidole. Kiganja kikipotea maji yanapokaribia kiwiko, bwawa liko sawa. Ni kina cha sentimita 25 hadi 30 hivi. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono, mwani umezidi: anaondoa gunia la samadi lililolowekwa pembeni na kuingiza maji mapya. Akiona bado vidole wakati kiwiko kimezama, anaongeza samadi, ambayo Tarime haikosekani. Na anasisitiza kuangalia rangi. Kiganja kinaweza kupotea kwa tope lililovurugwa na kambare, na maji ya kahawia hayamshibishi sato. Nilimwona akirudia kipimo kwenye pembe nyingine ya bwawa kwa sababu ya kwanza ilikuwa na tope kidogo.

Hofu yake ni alfajiri. Mchana mwani hutoa oksijeni. Usiku huivuta pamoja na samaki, na ukizidi, kabla hakujapambazuka samaki huja juu kuhema. Hapo anaharakisha kuingiza maji mapya, na pumba siku hiyo hakuna. Baridi ya huku juu nayo humchelewesha, kwani sato hukua vizuri zaidi kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30.

Ni yeye aliyetaja Kirumi, kwenye Mto Mara. Machi 2022 samaki walielea wamekufa huko, maji yakiwa meusi. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilitaja kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza oksijeni. Watu wengi wa Mara hawakuridhika. Mama hasemi nani yuko sahihi. Anasema tu kwamba mimea kuua samaki ni jambo analolijua kwa macho yake.

Ziwani hesabu ni ngumu zaidi. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu, samaki wadogo anaowala, waliokuwa na aina mamia, walikuwa wameporomoka. Sehemu kubwa ya furu katika Ghuba ya Mwanza walikula mwani na mabaki yake. Walipotoweka, ukijani ukaongezeka, na ni rahisi kusema hili limezaa lile. Lakini matabaka ya tope la chini ya ziwa, katika utafiti wa Dirk Verschuren na wenzake uliochapishwa 2002, yanaonyesha mwani ulianza kupanda tangu miaka ya 1930, watu na mashamba vilipoongezeka kandokando, kabla sangara hajafika. Je, furu wangebaki, wangeuzuia? Au wangezidiwa nao?

Mama alikuwa na swali lake. Bwawani kwake akivuna sato wengi kwa mkupuo, rangi ya maji hubadilika ndani ya wiki chache. Anataka kujua ziwani, ambako nyavu hazilali, ni nani anayezamisha mkono.