Siri Ndani ya Picha: Kuficha Si Kufunga

Juni 2010, FBI ya Marekani ilikamata majasusi kumi wa Urusi waliokuwa wakiishi nchini humo kama watu wa kawaida, wenye kazi na majirani. Baadhi yao waliwasiliana na Moscow kwa picha zilizowekwa kwenye tovuti ambazo mtu yeyote angeweza kuzifungua. Aliyezitazama aliona picha tu.

Ujumbe unaingiaje humo? Picha ya kidijitali ni mkeka wa vitone vidogo, pikseli, na kila kimoja hubeba namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, kila namba kati ya 0 na 255. Kompyuta huandika kila namba kwa biti nane, yaani tarakimu nane za 0 au 1. Chukua nyekundu ya 200, ambayo ni 11001000. Geuza biti ya mwisho iwe 1, nayo inakuwa 201. Hakuna jicho litakalotofautisha wekundu huo na ule wa awali. Biti hiyo ya mwisho ndiyo hubebeshwa ujumbe. Herufi A, kwa kompyuta 01000001, huhitaji nafasi nane. Pikseli tatu zinatosha na nafasi moja inabaki. Picha ya pikseli 1,000 kwa 1,000 ina nafasi milioni 3, sawa na herufi 375,000. Riwaya nzima inaenea humo!

Hapo ndipo wengi huridhika mapema. Ajuaye mbinu hii atazisoma biti za mwisho moja moja na kuupata ujumbe wote. Kwa hiyo ujumbe husimbwa kwanza kwa ufunguo, yaani hugeuzwa usisomeke bila ufunguo huo, ndipo ufichwe. Mtaalamu wa usimbaji Auguste Kerckhoffs alishasema mwaka 1883: mfumo ubaki salama hata adui akiijua mbinu yake, mradi hana ufunguo.

Kusimba nako kuna mtego. Katika ujumbe uliosimbwa vizuri, 0 na 1 hutokea karibu sawasawa. Ukiijaza picha kwa ujumbe huo, idadi ya namba 200 na ya 201 hukaribia kulingana, vivyo hivyo 202 na 203, jambo ambalo picha iliyotoka kwenye kamera kwa kawaida haina. Watafiti Andreas Westfeld na Andreas Pfitzmann walionyesha mwaka 1999 jinsi hesabu inavyoukamata ulinganifu huo. Dawa yake ni uchoyo: ujumbe mfupi ndani ya picha kubwa, biti zikitawanywa mahali ufunguo unapoamua, si kupangwa mstari kuanzia kona ya juu. Tena picha uipige mwenyewe, na nakala ya awali uifute. Ukiokota ya mtandaoni, mtu ataiweka kando ya yako na tofauti itajianika.

Usiitume WhatsApp kama picha ya kawaida. Huko hubanwa upya kwa JPEG, ambayo kazi yake hasa ni kutupa yale madogo yasiyoonwa na jicho, na ujumbe wako ni miongoni mwa hayo. Itume kama faili la PNG, lisilopoteza biti.

Majasusi wale walikuwa na programu isiyouzwa dukani, iliyofunguliwa kwa nenosiri la herufi na alama 27. FBI hawakuhitaji kulikisia. Walipopekua makazi, walilikuta limeandikwa kwenye kipande cha karatasi.