Aya Mbili za Fibi

Kila baada ya miaka miwili, Jumamosi ya juma la 31 la kipindi cha kawaida, waumini Wakatoliki husomewa Warumi sura ya 16. Somo linaanzia aya ya tatu: Priska na Akila wanasalimiwa, kisha wengine. Mbili za kwanza, zinazomtaja Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, zimeachwa. Hazimo katika masomo ya Jumapili wala ya siku za kazi.

Aliyenionyesha hilo ni mama mmoja wa Bujora, jirani na Kisesa, msomaji wa parokia na mwenyekiti wa jumuiya. Huandaa somo kwa Biblia nzima, si kwa kitabu cha Misa peke yake, ndiyo maana alimwona Fibi. Wataalamu wengi wanaamini Fibi ndiye aliyeipeleka barua hiyo Roma. Mama huyu hasiti hata kidogo: mleta barua ndiye huulizwa mwandishi alikusudia nini, basi Warumi walifafanuliwa Paulo na mwanamke. Kinachomuuma ni Tertio. Yeye aliandika tu alichotamkiwa na Paulo, lakini salamu yake, aya ya 22, inasomwa.

Wanaume wa jumuiya wakimtolea barua ya Paulo kwa Timotheo, mwanamke na ajifunze kwa utulivu, yeye huwafungulia 1 Wakorintho 11, ambako Paulo anazungumzia wanawake wanaosali na kutoa unabii mbele ya kusanyiko. Huwauliza watamtii Paulo yupi.

Kanisa anamosomea ni la mviringo. Padre David Clement, mmisionari kutoka Quebec, alilijenga kwa mfano wa nyumba ya mtemi, na altare kwa mfano wa kiti chake cha enzi. Zamani, anakumbusha mama, katika tawala nyingi za Usukuma utemi ulikwenda kwa mtoto wa dada wa mtemi. Bila mwanamke kiti hakikupata mrithi.

Walutheri wa KKKT wana wachungaji wanawake tangu miaka ya 1990. Kwa Wakatoliki, Papa Fransisko aliwafungulia wanawake huduma rasmi ya usomaji Januari 2021; tume zake za mwaka 2016 na 2020 kuhusu ushemasi wa wanawake hazikuwafungulia daraja hilo. Mama alikuwa akisoma miaka mingi kabla ya ruhusa hiyo, na haombi daraja. Anachotaka kujua ni kimoja: aliyepanga somo lianzie aya ya tatu alikwisha kuzisoma mbili za kwanza. Alikwazwa na nini?