Mpira wa Mkojo: Ulizia Kila Siku

Mama mkwe wangu alipoanguka bafuni na kuvunjika nyonga, alifanyiwa upasuaji na kuwekewa mpira wa mkojo, kwa kuwa hakuweza kuinuka kitandani. Upasuaji ulikwenda salama, tukamshukuru Mungu. Siku ya nne alikaa. Siku ya sita alisimama kwa kushikiliwa. Lakini mpira ulibaki palepale.

Mimi niliyekuwa nikimwuguza sikuuliza. Nilidhani kuwahoji wauguzi ni utovu wa adabu. Tena wageni walipokuja, niliuchukua mfuko wa mkojo uliokuwa ukining'inia pembeni, nikauficha kitandani chini ya khanga ili mama asione haya.

Usiku wa siku ya tisa alipandwa na homa, akatetemeka, akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Mkojo ulipopimwa, ilionekana ana maambukizi. Alipona kwa dawa za sindano, lakini ilibidi akae hospitali siku nyingi zaidi.

Mpira huu ni nini?

Ni mrija laini unaopitishwa njia ya mkojo hadi kwenye kibofu. Karibu na ncha yake kuna kiputo kinachojazwa maji ili usichomoke. Uliendelezwa na daktari Mmarekani, Frederic Foley, katika miaka ya 1930, nao umewasaidia wengi: mama anayejifungua kwa upasuaji, mgonjwa mahututi, na mzee aliyezibwa mkojo na tezi dume.

Taabu ni hii: mkojo unapotoka wenyewe husafisha njia. Mpira ukikaa ndani, vijidudu hupata ngazi ya kupandia. Hujishikiza kwenye mpira na kujifunika utando ambao dawa hupenya kwa shida. Kila siku inayopita, kati ya wagonjwa 100 wenye mpira, wengine kama 3 hadi 7 huanza kuwa na vijidudu katika mkojo. Si wote watakaougua, lakini hatari hukua kadiri siku zinavyoongezeka.

Mama, fanya haya

1. Uliza kila siku, kwa upole: "Sista, mgonjwa wetu bado anauhitaji mpira huu?" Baada ya upasuaji wa kujifungua usio na matatizo, mara nyingi hutolewa ndani ya siku moja.

2. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mpira au mfuko, na baada ya kugusa.

3. Mfuko ukae chini kuliko kibofu, lakini usiguse sakafu. Ukiuinua kama nilivyofanya mimi, mkojo uliokwisha kutoka unaweza kurudi ndani.

4. Usitenganishe mpira na mfuko. Mkojo humwagwa kwa kufungua bomba la chini ya mfuko, katika chombo cha mgonjwa huyo peke yake.

5. Msafishe kila siku kwa maji na sabuni, kutoka mbele kwenda nyuma. Hakikisha mrija haukujikunja wala kulaliwa.

6. Ukiona homa, kutetemeka, maumivu chini ya kitovu, au mzee ameanza kuchanganyikiwa ghafla, mwite muuguzi mara moja.

Usiuvute mwenyewe

Kuuliza si kuamuru. Kamwe usiuvute mpira, maana kiputo kilichojaa kitachana njia ya mkojo. Tena wapo wanaouhitaji kwa muda mrefu. Mama aliyepata uchungu wa siku nyingi, mtoto akakwama, huenda akaachiwa mpira hata wiki mbili ili kibofu kilichoumia kipumzike, asije akapata fistula na kuvuja mkojo. Huyo asiuonee haya, wala ndugu wasiharakishe utolewe.

Mama mkwe wangu sasa anatembea kwa mkongojo. Nilipomweleza habari za ule mfuko na khanga, alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, afadhali wageni wangeuona mfuko kuliko kuja kunizika."

Wengi wetu ndio tunaokaa na wagonjwa wodini. Muuguzi ana vitanda vingi, wewe una kimoja. Unapobeba chupa ya uji, usisahau kubeba na swali lako.