Kutoka Eldoret Mpaka Ziwa Baringo

Watu wa Eldoret wamezoea baridi na mashamba ya mahindi na ngano, na wengi wao hawajapata kuliona Ziwa Baringo, ijapokuwa safari yote kwa barabara haifiki maili 100. Lakini maili hizo ni za kupanda na kushuka. Mji wa Eldoret uko futi 7,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko futi 3,200 hivi. Katikati pana Bonde la Kerio na milima ya Tugen. Mtu aondokaye alfajiri amejifunika koti hufika ametota jasho.

Njia hupita Iten, mji wa wakimbiaji mashuhuri, na hapo nchi hukatika ghafula, bonde likaonekana chini kama limechorwa. Barabara huteremka kupitia Tambach, palipokuwa makao ya wilaya zamani za Waingereza, ikauvuka Mto Kerio uendao kaskazini hata Ziwa Turkana, kisha ikapanda tena mpaka Kabarnet. Dereva na ashuke kwa gia ndogo, asitegemee breki peke yake, kwa maana breki zikipata moto hazishiki. Wakati wa masika mawe na udongo huweza kuporomoka njiani. Ni heri kusafiri mchana. Maembe ya Kerio ni matamu, lakini afadhali kuyanunua wakati wa kurudi, yasije yakapondeka garini.

Kutoka Kabarnet barabara hushuka mara ya pili mpaka Marigat, penye mashamba ya Perkerra yanyweshwayo kwa mifereji. Kazi ya mifereji hiyo ilianza mwaka 1954, nayo ilifanywa na watu waliokuwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Kando ya njia umejaa mti wa miiba uitwao mathenge, ulioletwa katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Kuni zipo, lakini mti wenyewe umeyavamia malisho, na wafugaji hawausifu.

Basi msafiri akifika Kampi ya Samaki, asiongozwe na ramani ya zamani wala na maneno ya mtu aliyefika huko miaka mingi iliyopita. Baringo ni ziwa la maji baridi lisilo na mto unaotoka; maji yake hupungua kwa kukauka juani na kwa kupenya chini ya miamba. Tangu mwaka 2010 hivi yalianza kupanda, na mwaka 2020 yakapita kiasi. Nyumba, shule, zahanati na hoteli zilizokuwa pwani ziliingia majini, na maelfu ya watu wakahama na mifugo yao. Huko Longicharo, maji yaliizunguka nchi ikawa kisiwa, hata twiga tisa wakalazimika kuvushwa kwa chelezo, wa mwisho wao mwezi wa Aprili 2021. Wataalamu husema sababu kubwa ni wingi wa mvua milimani, pamoja na udongo uchukuliwao na mito kutoka nchi zilizokatwa miti.

Hatari haikuondoka na mafuriko. Maji yalipoingia vijijini, viboko na mamba waliingia nayo, na watu wamejeruhiwa na kuuawa. Kwa hiyo mgeni asioge ziwani, wala asitembee ufukoni usiku, maana ndio wakati wa viboko kutoka kula majani. Akitaka kwenda kisiwani Ol Kokwa, penye chemchemi za moto na makao ya Wailchamus, na apatane nauli kabla ya kupanda mashua, tena avae jaketi la kuokolea.

Kusini, mwendo usiozidi saa moja kwa gari, liko Ziwa Bogoria lenye maji ya magadi, heroe, na chemchemi zirushazo maji yachemkayo. Huko nako maji yalipanda, yakaifunika sehemu ya barabara na baadhi ya chemchemi. Bogoria liko juu kidogo kuliko Baringo, na wenyeji wanahofu kwamba likizidi kufurika magadi yatamwagikia maji ya kunywa na ya samaki. Nchi hiyo ni ya Waendorois, waliohamishwa tangu mwaka 1973 ili iwe hifadhi ya wanyama; mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliamua kwamba walidhulumiwa.

Mtu wa Eldoret hajazoea mbu wa huko, basi achukue chandarua. Tena asikae juu ya vichuguu wala karibu navyo wakati wa jioni, kwa kuwa humo hukaa vidudu virukavyo vienezavyo ugonjwa wa kala-azar. Anayetaka kuendelea kaskazini kupita Kampi ya Samaki na aulize kwanza kituo cha polisi, kwa sababu ya wizi wa mifugo.