Msaada wa Kulipwa Nyumbani, Tukuyu

Katika mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, usafi wa nyumba haukwishi, kwa kuwa tope huingia na viatu vya watoto na nguo huchelewa kukauka. Mzazi aliye muuguzi, mwalimu au mfanyabiashara wa ndizi hana saa za kutosha kwa sakafu na kwa mtoto pia, lakini wengi huona haya kumlipa msaidizi wakihofia kuitwa wavivu; lawama hiyo si ya haki, nayo humwelemea mama kuliko baba.

Jambo zito zaidi ni namna anavyotendewa msaidizi, awe dada wa kazi, ambaye kwa kawaida huishi na familia, au kibarua, yaani mtu anayelipwa kwa siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Mshahara na siku ya mapumziko vinafaa kuandikwa mapema, hata kama msaidizi ni binti wa ndugu aliyeletwa kutoka kijijini, ambaye mara nyingi ndiye anayefanyishwa kazi nyingi kwa ujira mdogo.