Amri au Kizuizi? Mawasiliano ya Seli katika Kiinitete na Istilahi "Mpangaji"

Makala haya yanaeleza jinsi seli za kiinitete zinavyopashana habari, na yanahoji neno litumikalo kuyaelezea mawasiliano hayo.

Mwaka 1924, Hans Spemann na mwanafunzi wake Hilde Mangold, huko Freiburg, Ujerumani, walichapisha jaribio lililobadili elimu ya viinitete. Mangold alikata kipande kidogo cha ukingo wa juu wa kitundu ambamo seli za kiinitete cha salamanda huanza kujikunja kuingia ndani. Alikipandikiza upande wa tumbo wa kiinitete cha salamanda wa spishi nyingine. Kiinitete mwenyeji kikaota mhimili wa pili wa mwili. Kwa kuwa mtoaji alikuwa mweupe na mwenyeji alikuwa na rangi, ilibainika kwamba sehemu kubwa ya neva mpya ilitokana na seli za mwenyeji, seli ambazo zingekuwa ngozi ya tumbo. Mangold alifariki mwaka huohuo kwa ajali ya moto. Spemann alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1935.

Spemann alikiita kipande hicho kwa Kijerumani Organisator. Tukifasiri "mpangaji" tunapata neno lenye maana mbili: apangaye mambo, na akaaye katika nyumba ya mwingine kwa kodi. Maana ya pili, ajabu, ndiyo inayokifaa zaidi kipandikizi kile. Ile ya kwanza hupotosha, kwani hudokeza kuwa kipandikizi hutoa amri: "Kuweni neva!"

Tafiti za miaka ya 1990 juu ya chura wa jenasi Xenopus, mwenye asili ya kusini mwa Afrika, zilionyesha jambo tofauti. Seli za tabaka la nje hupelekeana protini iitwayo BMP4, yenye ujumbe wa kuwa ngozi. Seli za "mpangaji" hutoa nogini (iliyotambuliwa mwaka 1992) na kodini (1994), ambazo huinasa BMP4 nje ya seli kabla haijafikia kipokezi chake. Seli isiyopata ujumbe wa ngozi hufuata njia ya neva. Ishara hapa, basi, ni kuzuia ishara nyingine.

Kwa sababu hiyo tunaona "mratibu" linafaa zaidi, ingawa nalo lina mipaka. Katika kiinitete cha kuku, kuizuia BMP hakutoshi. Seli huhitaji pia ujumbe wa protini za FGF, ambao huanza kutumwa kabla mratibu hajajitokeza.