Ukuta ukipasuka, nani aamue?

Itiryo, Tanzania, kama kwingine Ukuryani, magomvi mengi hupelekwa kwanza kwa wazee. Lakini sakafu ya darasa ikititia muda mfupi baada ya mkandarasi kukabidhi jengo, busara pekee haitoshi. Kinachotakiwa ni mkataba.

Mkataba mzuri huweka kipindi cha matazamio: mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama yake, huku sehemu ya malipo yake ikiwa imezuiliwa. Akikaidi, au akidai kosa ni la mchora ramani, kifungu cha usuluhishi humpeleka yeye na mwenye jengo mbele ya msuluhishi waliyemkubali. Huyu anaweza kuwa mhandisi au mkadiriaji majenzi, mtu anayejua nondo na zege. Husikiliza, hukagua, kisha hutoa tuzo, yaani uamuzi wake.

Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya 1979, husaidia kuendesha mashauri haya. Sheria ya Usuluhishi ya 2020 ilichukua nafasi ya ile ya kikoloni ya 1931. Kwa idhini ya mahakama, tuzo hutekelezwa kama hukumu.

Tatizo ni gharama. Jaji hulipwa na serikali, msuluhishi hulipwa na wenye mgogoro. Kwa nyumba ndogo ya kijijini, mzigo huo ni mzito mno. Afadhali kuanza na upatanishi, picha za nyufa na risiti za saruji zikiwa mezani.